Viza ya kazi ya Uingereza: wiki 3 huanzia wapi?
Anayeomba viza ya kazi ya Uingereza akiwa Tanzania au Kenya kwa kawaida hupata jibu ndani ya wiki 3, lakini wiki hizo huhesabiwa baada ya alama za vidole kuchukuliwa na nyaraka kukabidhiwa, si tangu siku mwajiri alipokuahidi kazi. Kinachokula muda zaidi ni kipimo cha kifua kikuu, kwani picha ya eksirei isipoeleweka hutakiwa kutoa makohozi, ambayo majibu yake huweza kuchukua wiki 8. Cheti chake hudumu miezi 6, ilhali hati ya udhamini ya mwajiri (ambayo kwa kweli ni namba tu) sharti itumike ndani ya miezi 3. Kwa hiyo tangulia kupima kifua.