Reli ya mafuta ya zeituni: kuanza safari ya baiskeli mashambani Hispania

Ukisikia watu wanazunguka Hispania kwa baiskeli, utawaza wale vijana wa nguo za kubana wanaopanda milima ulimi nje. Waache na mambo yao. Kwa sisi ambao baiskeli tuliijua ikiwa na gunia la mkaa kwenye keria, ipo njia nyingine, na hiyo haikuchongwa kwa ajili ya mabingwa. Ilichongwa kwa ajili ya garimoshi.

Garimoshi haliwezi mlima mkali. Wajenzi wa reli za zamani walitoboa miamba na kuunganisha mabonde kwa madaraja ili njia ipande kidogo kidogo, mara nyingi mita mbili au tatu tu kwa kila mita mia. Reli hizo zilipokufa, Wahispania waliziangalia wakaona haifai mteremko mzuri namna ile upotee bure, na tangu mwaka 1993 wamekuwa wakizigeuza kuwa njia za baiskeli na za waenda kwa miguu. Wanaziita Vías Verdes, njia za kijani, na sasa zimeshapita kilomita 3,000 nchi nzima. (Sisi tulikuwa na reli ya Mtwara hadi Nachingwea, ya ule mradi wa karanga wa Waingereza. Ilifungwa mwaka 1962, ikang'olewa. Kila nikipita kwenye handaki la Andalucía, kusini mwa Hispania, naiwaza.)

Anayeanza namshauri kitu kimoja: nenda mji wa Jaén, huko huko Andalucía, ushike Vía Verde del Aceite, njia ya mafuta, uifuate mpaka Puente Genil. Ni kilomita 128. Mwenye mazoezi anaimaliza kwa siku moja na nusu, ila wewe jipe tatu. Toka Jaén uelekee Puente Genil, usigeuze, kwa sababu ukijumlisha yote upande huo unashuka zaidi kuliko unavyopanda. Usiku wa kwanza lala Martos au Alcaudete, wa pili Zuheros au Doña Mencía. Treni zilizopita hapa zilikuwa zikibeba mafuta ya zeituni kutoka mashambani, na utajua ni kwa nini kabla hujamaliza saa ya kwanza. Mkoa wa Jaén una mizeituni zaidi ya milioni 60. Imepangwa kwa mistari kilima baada ya kilima, hadi unajiuliza kama kuna mtu anayelima hata mchicha.

Katikati ya safari utavuka mto Guadajoz juu ya daraja la chuma lenye urefu wa zaidi ya mita 200. Hapo ndipo mkoa wa Jaén unapoishia na Córdoba inaanza. Upepo ukiwa mkali shuka usukume, hakuna atakayekucheka. Baada ya hapo vilima vinageuka mawe ya chokaa, kisha inatokea Zuheros, kijiji cheupe kilichong'ang'ania ukingo wa jabali na ngome yake ya kale. Angalia lakini: reli haikupita kijijini, ilipita chini yake. Kile kipande cha kupandia kwenda kulala ndicho kikali kuliko chote cha siku tatu. Mimi nilisukuma, na jibini ya mbuzi ya pale ilinilipa jasho langu.

Sasa makaratasi, maana wengi wetu hukwama hapo. Ukiwa na pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo na kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen (zile nchi za Ulaya zenye viza moja, Hispania ikiwemo), tuseme Ujerumani au Uholanzi, huhitaji viza. Unaruhusiwa kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Beba pasi pamoja na kadi ya ukaazi, zote mbili, na si picha zake kwenye simu. Nyumba ya wageni, hata ya vyumba vitatu, inatakiwa kisheria kuandikisha kitambulisho cha kila mgeni, na polisi wa mashambani, Guardia Civil, wanaweza kukusimamisha. Anayeishi Uingereza au Ireland anahitaji viza ya Schengen hata kama ana kibali cha kudumu, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Maombi yanafunguliwa miezi sita kabla ya safari. Shemeji yangu wa Leicester alisubiri hadi wiki tatu za mwisho, akaambulia kutazama picha zetu.

Kuhusu msimu siwezi kuzunguka: usiende Julai wala Agosti. Tarehe 14 Agosti 2021 kipimajoto cha La Rambla, si mbali na Puente Genil, kilisoma nyuzi 47.6. Hata aliyezaliwa Garissa atakimbilia kivuli, na mzeituni hauna kivuli cha maana. Machi hadi Mei ni pazuri, Oktoba pia. Majira ya baridi yanawezekana, ila mvua ikinyesha udongo wa huko unakuwa mfinyanzi hasa. Mara moja nilikatisha shambani kukwepa kipande kilichoporomoka, na ndani ya mita 50 magurudumu yakaacha kuzunguka kabisa. Nilitumia nusu saa kuchokonoa tope kwa kijiti kati ya tairi na madigadi, nikabeba baiskeli begani hadi njiani.

Hiyo ilikuwa Desemba, wakati wa kuvuna zeituni, na kuna jambo la msimu huo ambalo miongozo ya Wazungu haina. Vibarua wengi wa mavuno Jaén hutoka Mali, Senegal na Moroko. Kwa hiyo mtu mweusi akiingia mgahawani kijijini mwezi huo, wanajua, au wanadhani wanajua, amekuja kufanya nini. Mzee mmoja aliniangalia kutoka viatu hadi kofia, akauliza neno moja tu: "¿Aceituna?" Zeituni? Nikamjibu: "No, bicicleta." Aliinuka, akatoka nje, akaibonyeza tairi yangu kwa kidole gumba kama mtu anayechagua embe, akarudi akanisogezea kiti. Si kila mahali utasogezewa kiti, na macho utayazoea. Wamali niliowakuta stendi ya Jaén na mabegi yao, wakitafuta pa kulala usiku wa baridi, ndio waliokuwa na shida ya kweli.

Utasikia maneno unayoyajua, kwa kuwa Wahispania na Waswahili waliazima kwa Mwarabu mmoja. Aceituna yao na zeituni yetu ni mtu na ndugu yake, azúcar na sukari vilevile, na hasta yao ni hata yetu.

Chakula kinahitaji akili, hasa kwa Mwislamu. Nguruwe huko ni kama kiungo. Ukiagiza dengu utakuta vipande vya soseji ndani, na salmorejo, ile supu nzito ya nyanya inayoliwa baridi, inamwagiwa nyama ya nguruwe juu. Sema "sin jamón" (bila paja la nguruwe lililokaushwa) na "sin cerdo" (bila nguruwe), yote mawili, kwa sababu wapo wasioihesabu jamón kuwa nguruwe. Asubuhi huna shida: mkate uliochomwa, nyanya iliyosagwa na mafuta ya zeituni yasiyo na mpaka. Tatizo ni saa. Maduka ya vijijini hufungwa kuanzia kama saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni, na Jumapili mengi hayafunguki kabisa. Chakula cha mchana huanza saa nane, cha usiku saa tatu. Weka mkobani mkate, tende na karanga kuanzia Jumamosi. Maji beba lita mbili au tatu, na bomba lililoandikwa "no potable" liache.

Baiskeli yoyote yenye gia na tairi pana kiasi, milimita 35 hadi 40, inatosha. Njia ni lami mwanzoni, kisha udongo ulioshindiliwa. Taa ni lazima kwa ajili ya mahandaki. Helmeti ni sheria kwenye barabara za nje ya miji, na usiku nje ya mji kizibao cha kung'aa pia. Dereva anatakiwa akuachie mita moja na nusu anapokupita, na wengi wanaachia. Kuhusu pancha, asubuhi ya pili nilikuta tairi ya nyuma imelala chapati. Nilipopapasa nikatoa mwiba wa pembe tatu, nikacheka peke yangu: mbigili! Ileile inayotoboa ndala Dodoma, huko wanaiita abrojo. Weka dawa ya kuziba ndani ya tyubu kabla hujaondoka, na beba tyubu mbili za akiba.

Kupeleka baiskeli yako kwa ndege inawezekana, ila yangu ilitoka kwenye mkanda wa mizigo na kile chuma kinachoshika gia za nyuma kimepinda, na fundi wa kwanza alikuwa kilomita 30 mbali. Safari fupi kodi huko huko. Ukija na yako, kutoka Madrid panda treni ya Media Distancia hadi Jaén. Zinachukua baiskeli nzima lakini nafasi ni chache, kwa hiyo omba nafasi ya baiskeli wakati wa kukata tiketi. Treni za kasi, AVE, zinataka uifungue na kuitia kwenye mfuko.

Ukishaipenda, ziko nyingine. Olvera hadi Puerto Serrano ni kilomita 36 na mahandaki 30, kwenye reli iliyojengwa ikakamilika nusu na isiwahi kupitiwa na treni hata siku moja. Simama jabali la Zaframagón uangalie tumbusi wakizunguka juu yako. Ojos Negros, ndefu kuliko zote, inateremka na njia ya zamani ya madini ya chuma kutoka milima ya Teruel kuelekea Sagunto pwani, kilomita 160. Milima ya Teruel yenyewe iache hadi ujue kuziba pancha gizani, kwani huko unaweza kumaliza nusu siku hujaona duka wala mtu.

Ukifika Puente Genil nunua kipande cha membrillo, tunda la kienyeji linalopikwa na sukari hadi ligande kama halua. Kula kituoni ukisubiri usafiri, ila futa mikono vizuri kabla ya kugusa cheni.