Kutatua milinganyo ya kipeo cha pili kwa kutafuta kipeuo

Habari zenu wanafunzi. Nikisahihisha madaftari ya kidato cha pili, kuna kosa ninalokutana nalo karibu kila siku. Mwanafunzi anafika salama mpaka x² = 49, anaandika x = 7, anapiga mstari na kuhamia swali linalofuata. Nusu ya jibu ameiacha njiani, na alama imeondoka nayo. Inaniuma, maana kazi ngumu alishaimaliza.

Njia hii inafaa pale x inapoonekana ndani ya mraba tu. Tuchukue 3x² − 12 = 135.

Hatua ya kwanza: x² ibaki peke yake. Jumlisha 12 pande zote, upate 3x² = 147. Gawanya kwa 3, upate x² = 49. Usikimbilie kipeuo wakati ile 3 bado ipo. Kipeuo cha 147 si namba nzima, na wengi hupotelea hapo.

Hatua ya pili: tafuta kipeuo cha pili, na alama ya ± iandike palepale, usiseme utaiweka baadaye. x = ±√49, yaani x = 7 au x = −7.

Hatua ya tatu: hakiki. 7 × 7 ni 49. −7 × −7 pia ni 49. Mara 3 ni 147, toa 12, unabaki na 135. Majibu yote mawili ni sahihi.

Mkikuta mabano, kama (x − 3)² = 25, msiyafungue. Yachukueni yote kama kitu kimoja: x − 3 = ±5. Kwa +5, x = 8. Kwa −5, x = −2. Angalieni vizuri: safari hii majibu si namba moja iliyobadilishwa alama. Ukisahau ±, huwezi kuibahatisha ile −2.

Maswali yenu

*Shikamoo mwalimu. Mbona kalkuleta inanipa √49 = 7 tu?*

Marahaba. Kalkuleta haijakosea. Kwa makubaliano, alama √ inataja kipeuo chanya peke yake. Mlinganyo x² = 49 unauliza kitu kingine: ni namba zipi zikizidishwa kwa zenyewe zinatoa 49? Ndiyo maana ± tunaiweka sisi wenyewe.

*Na x² + 9 = 0?*

Inakuwa x² = −9. Hakuna namba halisi ambayo mraba wake ni hasi. Andika hivyo hivyo: hakuna jibu katika namba halisi.

*Mwalimu, x² = 6x nigawanye kwa x?*

Hapana, utapoteza jibu x = 0. Hapo kuna x ya peke yake, kwa hiyo njia ya leo haifai. Andika x(x − 6) = 0; majibu ni 0 na 6.

*Kwenye fizikia muda hasi tunaufanyaje?*

Nazi ikianguka kutoka mita 20, tukipuuza ukinzani wa hewa, 20 = 5t² (t ni muda kwa sekunde; 5 ni nusu ya 10, yaani mchapuko wa graviti kwa makadirio). Basi t² = 4, na t = ±2. Sekunde −2 ni kabla nazi haijakatika kwenye kikonyo, kwa hiyo tunachukua sekunde 2. Lakini andika zote mbili kwanza, kisha sema kwa nini moja umeiacha.