Gari likikataa kuitika mafuta, pima kabla ya kununua
Unapanda kilima cha Bugando hapa Mwanza, unakanyaga mafuta, gari haliitiki na taa ya injini imewaka. Usikimbilie throto mpya, yaani kilango cha kuingizia hewa kwenye injini. Chomoa plagi ya sensa ya pedeli, ile inayoiambia kompyuta ya gari umekanyaga kiasi gani, utazame pini. Magari yetu haya ya kuoshwa kandokando ya ziwa hushika kutu humo. Kisha rudisha plagi, fungua swichi bila kuwasha injini, weka mita ya volti kwenye waya wa ishara, ule unaotoka kwenye sensa kwenda kwenye kompyuta, kanyaga pedeli polepole. Volti zipande bila kurukaruka. Zikidondoka ghafla katikati, sensa imechoka. Pedeli za kielektroniki huwa na sensa 2: zote zipime. Lakini kama volti 5 za kuilisha sensa hazifiki, fuata waya kwanza.