Kujenga mtandao wa kikazi baada ya miaka ya utafiti

Mtafiti aliyekaa chuoni miaka mingi hudhani hafahamiani na mtu yeyote nje ya taaluma yake, ilhali kila mradi alioufanya umemkutanisha na watu ambao hakuwahi kuwahesabu. Anza na hao. Fungua ripoti zako za zamani kwenye ukurasa wa shukrani, kisha uandike majina daftarini: afisa ugani aliyekuzungusha vijijini, mkusanya data ambaye sasa ameajiriwa na shirika, mwakilishi wa kampuni ya mbegu aliyehudhuria warsha ya wadau.

Usione haya kuwatafuta kwa sababu mmepoteana. Mwaka 1973 mwanasosiolojia Mark Granovetter alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu watu wa Newton, Marekani, waliopata kazi kwa kufahamiana: asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana mara kwa mara na aliyewapa habari za kazi hiyo. Mnayefanya naye kazi maabara moja anazijua nafasi zilezile unazozijua wewe. Aliye mbali husikia yasiyokufikia.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi, na usiombe kazi. Nilipoacha utafiti wa udongo mjini Morogoro, nilituma wasifu wa kurasa kumi na nne kwa watu ishirini, na hakuna aliyejibu. Majibu yalianza kuja nilipoandika hivi: “Shikamoo, mzee wangu. Ni mimi niliyepima udongo wa mashamba yenu kule Mvomero. Natamani kufahamu jinsi biashara ya mazao inavyoendeshwa. Naomba dakika ishirini za simu, siku itakayokufaa.” Mtu huona wepesi kueleza kazi yake kuliko kuahidi nafasi ambayo hana.

Kwa walio katika kilimo, maonyesho ya Nane Nane ni fursa kubwa, lakini pita mabandani siku za mwanzo, kabla umati haujafurika kuelekea kilele cha tarehe 8 Agosti. Ukiulizwa unafanya nini, usitaje kichwa cha tasnifu yako, sema, “Ninamsaidia mkulima kujua shamba lake linahitaji mbolea gani.” Jioni hiyohiyo andika nyuma ya kila kadi uliyopewa mlichozungumza na ulichoahidi, na ulichoahidi ukitume ndani ya wiki.

Aliyekuunganisha na mwenzake mrudishie habari hata kama mazungumzo hayakuzaa kazi, kwa maana asiposikia lolote hatajua kama alikufaa, na atasita kukupa jina la pili.