Kuhamisha programu ya zamani kutoka MySQL kwenda PostgreSQL: kagua baiti kwanza

Juzi nilikaa na mwenzangu wa kazi siku mbili tukihamisha programu ya usajili wa wanachama iliyoandikwa kwa PHP tangu enzi za MyISAM, injini ya zamani ya MySQL ya kuhifadhi majedwali. Data yenyewe ilihama kwa dakika chache. Siku zilizobaki zililiwa na herufi. Jambo hilohilo liliwahi kunilaza macho miaka ya nyuma, kwa hiyo hatua nyingine nitazipita upesi na hiyo ya herufi nitaikalia.

Nachukulia kwamba PostgreSQL umeshaiweka, na kwamba unafanya kazi kwenye nakala ya hifadhidata, si kwenye seva inayotumika.

Hatua ya 1: Chombo

Tumia pgloader. Inasoma muundo na data moja kwa moja kutoka MySQL, inageuza aina za data na kuunda faharasa (index). Usijaribu kulirekebisha faili la mysqldump (nakala ya hifadhidata kama maandishi ya SQL) kwa sed, chombo cha kubadili maandishi. Utafanikiwa kwa majedwali matatu ya kwanza, kisha utakutana na maandishi yenye alama za kunukuu ndani yake na kazi yote itavurugika. Lakini usiiendeshe bado.

Hatua ya 2: Herufi

Kabla ya toleo 8.0, usimbaji wa chaguomsingi wa MySQL, yaani namna ya kugeuza herufi kuwa baiti, ulikuwa latin1. Programu nyingi za zamani zilituma maandishi ya UTF-8 kupitia muunganisho ambao MySQL iliuhesabu kuwa latin1, yakahifadhiwa kwenye safu zenye lebo ya latin1. Wakati wa kusoma, baiti zilezile zilirudi kwa njia ileile, na kivinjari kikazionyesha vizuri. Kosa linaweza kuishi hivyo miaka kumi bila mtu kulalamika. Siku unapohama, pgloader inaiamini lebo, inatafsiri latin1 kwenda UTF-8, na "ng’ombe" iliyoandikwa kwa kituo cha juu kilichopinda inafika PostgreSQL ikiwa "ngâ€™ombe".

Usiamini unachokiona kwenye terminali, maana nayo ina usimbaji wake. Tazama baiti:

```
SELECT id, jina, HEX(jina) FROM wanachama
WHERE HEX(jina) REGEXP '^(..)*[89A-F]' LIMIT 50;
```

Hoja hii inaleta rekodi zenye herufi yoyote iliyo nje ya ASCII. Tafuta herufi unayoijua, tuseme é. Ukiona `E9` kwenye safu ya latin1, hiyo ni latin1 ya kweli na pgloader itaihamisha salama. Ukiona `C3A9` kwenye safu ya latin1, hiyo ni UTF-8 iliyobandikwa lebo isiyo yake. Ukiona `C383C2A9` kwenye safu ya utf8, imesimbwa mara mbili.

Kwa lebo isiyo sahihi, pitisha safu kwenye aina ya baiti tupu, kisha uipe lebo sahihi:

```
ALTER TABLE wanachama MODIFY jina VARBINARY(255);
ALTER TABLE wanachama MODIFY jina
  VARCHAR(255) CHARACTER SET utf8mb4 NOT NULL;
```

Kamwe usitumie `CONVERT TO CHARACTER SET` hapa. Amri hiyo hutafsiri badala ya kubadili lebo tu, kwa hiyo italifanya kosa kuwa la kudumu. Andika upya `NOT NULL` na `DEFAULT` ndani ya kila MODIFY ya mwisho, kwa sababu usichokitaja kinaondoka. Ondoa kwanza faharasa za FULLTEXT. Andika utf8mb4, si utf8, kwa sababu utf8 ya MySQL inaishia baiti tatu kwa herufi na emoji zinahitaji nne. Na ukiambiwa ufunguo ni mrefu mno, ni kwa sababu herufi 255 mara baiti 4 ni 1020, na InnoDB ya zamani (injini nyingine ya MySQL) ina kikomo cha baiti 767. Futa faharasa hiyo kwenye nakala, utaiunda upya kwenye PostgreSQL.

Sasa sehemu iliyotula siku nzima. Safu moja inaweza kuwa na mchanganyiko. Kwa mwenzangu, rekodi zilizoingia kupitia fomu ya wavuti zilikuwa UTF-8, na zilizopakiwa kutoka kwenye faili la lahajedwali zilikuwa latin1 ya kweli. Ukiendesha ile ALTER ya pili juu ya mchanganyiko huo, MySQL yenye hali kali (strict mode) itakataa, na hiyo ni bahati yako. Isiyo na hali kali itayakata maandishi pale penye baiti mbovu na kukuachia onyo tu. Majina yetu kadhaa yalikatwa katikati, tukagundua jioni.

Kwa hiyo, safu ikiwa bado VARBINARY, andika skripti fupi ya Python inayojaribu kusoma kila rekodi kama UTF-8 na kutoa id za zilizokataa. Latin1 yenye herufi za lafudhi ni nadra sana kupita mtihani huo. Kisha zirekebishe hizo pekee:

```
UPDATE wanachama
SET jina = CONVERT(CONVERT(jina USING latin1) USING utf8mb4)
WHERE id IN (...);
```

Ndipo uendeshe ALTER ya pili.

Angalizo la mwisho ni kwa wale wenye data iliyosimbwa mara mbili. Ifanyieni marekebisho ndani ya MySQL, si kwa iconv, chombo cha nje cha kugeuza usimbaji. Latin1 ya MySQL kwa kweli ni cp1252 (usimbaji wa Windows), ila inazikubali pia baiti tano ambazo cp1252 haina: 81, 8D, 8F, 90 na 9D. Alama ya kufunga nukuu (”) katika UTF-8 ni `E2809D`. Ukitumia chombo cha nje kinachofuata cp1252 kikamilifu, kitakwama kwenye kila nukuu inayofungwa, na utadhani data yako imeoza kumbe ni nzima.

Hatua ya 3: Aina za data

pgloader hugeuza tarehe za `0000-00-00` kuwa NULL na namba za `int unsigned` (zisizo na hasi) kuwa bigint. Iache ifanye hivyo. Kasoro ni `tinyint(1)`, ambayo huigeuza kuwa boolean. Kama mtu aliwahi kuweka 2 kwa maana ya "amesimamishwa", itakuwa kweli kama 1, na tofauti imepotea. Mimi huzuia kabisa:

```
LOAD DATABASE
  FROM mysql://mtumiaji:siri@localhost/wanachama
  INTO postgresql:///wanachama
CAST type tinyint to smallint drop typemod;
```

MyISAM haikusimamia funguo za nje, kwa hiyo tafuta rekodi yatima, zinazorejelea rekodi isiyokuwepo, kabla ya kuziongeza funguo hizo.

Hatua ya 4: Hoja (query) ndani ya msimbo

`IFNULL` inakuwa `COALESCE`, `GROUP_CONCAT` inakuwa `string_agg`, `LIMIT 10, 20` inakuwa `LIMIT 20 OFFSET 10`, na `ON DUPLICATE KEY UPDATE` inaandikwa upya kwa `ON CONFLICT`. Hizi zitapiga kelele zenyewe.

Zinazonyamaza ndizo za kuogopa. MySQL kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo inapolinganisha, PostgreSQL inatofautisha. Mwanachama aliyejisajili kwa "Asha@" na kuandika "asha@" hataweza kuingia, au atafunguliwa akaunti ya pili. Ipo citext, aina ya maandishi isiyotofautisha herufi kubwa na ndogo, lakini napendelea hii, ili atakayesoma msimbo aone kinachofanyika:

```
CREATE UNIQUE INDEX ON wanachama (lower(barua_pepe));
```

Pia, hoja moja ikishindwa ndani ya muamala (transaction), PostgreSQL hukataa zote zinazofuata mpaka ufanye ROLLBACK. Msimbo wa zamani unaomeza makosa na kuendelea utakwama hapo.

Hatua ya 5: Siku ya kuhama

Simamisha uandishi, endesha pgloader, hesabu rekodi za kila jedwali pande zote mbili, kisha `ANALYZE`. Ingiza rekodi moja ya majaribio uone kama id inaendelea kutoka pale ilipoishia. MySQL iache ikiwa hai kwa kusomwa tu, mpaka ripoti ya kwanza ya mwisho wa mwezi itoke na namba zake zilingane.