SOMO: Kuendesha ligi ya simulesheni bila kugombana na makocha wala kuchoka kabla msimu haujaisha

Wakuu, ujumbe ni uleule kila siku: "Naanzisha ligi, nifanyeje watu wasilalamike?" Naandika hapa mara moja, atakayeniuliza tena nitamrushia kiungo. Nazungumzia ligi ambazo kila kocha anatuma kikosi na mbinu, halafu msimamizi anachezesha raundi kwenye kompyuta yake na kutoa matokeo. Iwe soka, kikapu au besiboli, mambo ni yaleyale.

Nitangulize hili: kubofya hakumchoshi mtu. Kinachommaliza msimamizi ni kuamua upya jambo lilelile kila linapotokea, tena mbele ya watu wanaojua kwamba naye ana timu.

Hatua ya 1. Chagueni mchezo mmoja wa kompyuta na toleo moja. Masasisho yake yasubiri msimu uishe.

Hatua ya 2. Piga hesabu ya raundi kabla hujaita watu. Timu 20, nyumbani na ugenini, ni raundi 38. Ukichezesha mbili kwa wiki ni wiki 19. Timu 12 ni raundi 22, wiki 11. Anza na 12. Wanaopigia kelele ligi kubwa ndio hao hao utakaowatafuta raundi ya 15 usiwaone.

Hatua ya 3. Andika kanuni, zisizidi ukurasa mmoja, kabla ya raundi ya kwanza. Siku na saa ya mwisho ya kutuma kikosi, kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia). Asiyetuma, kinatumika kikosi chake cha mwisho. Akikosa mara tatu mfululizo, timu anapewa mwingine. Kanuni ikibadilishwa, inaanza kutumika msimu ujao, hata kama wote mnaona ni mbovu.

Hatua ya 4. Timu yako mwenyewe. Hapa someni taratibu, maana hapa ndipo ligi yangu ya kwanza ilipovunjika. Kompyuta ilikwama katikati ya raundi. Nikafungua faili la ligi upya, nikachezesha tena. Timu yangu, iliyokuwa nyuma 2-0 kabla ya kukwama, ikashinda 1-0, na kocha mmoja alikuwa ameshaona yale matokeo ya kwanza. Maelezo yangu yote yalikuwa kweli na hayakunisaidia kitu. Mwenye faili anaweza kurudia raundi mpaka apate matokeo anayoyataka na asijulikane. Kila kocha analijua hilo, hata asiposema. Kwa hiyo:

Faili liwekwe kwenye folda ya pamoja KABLA ya kuchezesha, likiwa na tarehe na namba ya raundi. Kikosi chako kitume siku moja kabla ya wengine, mahali ambapo wote wanakiona, kwa sababu wewe unaona mbinu zao na wao hawaoni zako. Raundi irudiwe kwa sababu mbili tu: faili limeharibika, au kikosi kilichofika kwa wakati hakikuingizwa. Ikirudiwa, irudiwe yote na mtu mwingine abofye. USIRUDIE mechi moja peke yake. USIRUDIE kwanza halafu ndipo utangaze.

Na lolote linalogusa timu yako, uamuzi si wako. Desemba 2011 NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ilizuia mchezaji Chris Paul asitoke New Orleans kwenda Lakers, na wakati huo ligi yenyewe ndiyo ilikuwa mmiliki wa klabu ya New Orleans. Hata kama sababu zao zilikuwa safi, nani angeamini?

Hatua ya 5. Mabadilishano ya wachezaji yapitie kamati ya watu watatu, ijibu ndani ya saa 24. Kura ya makocha wote usiiguse, kila mtu atampinga mpinzani wake. Kamati izuie njama tu. Kocha akiuza straika wake kwa bei ya bure kwa sababu hajui thamani yake, hiyo ni haki yake.

Hatua ya 6. Raundi ya mwisho, mechi zote zichezeshwe kwa mkupuo mmoja na vikosi vyote viwe vimefungwa. Kombe la Dunia la 1982, kule Gijón, Hispania, Ujerumani Magharibi na Austria waliingia uwanjani wakijua kwamba 1-0 inawavusha wote wawili, kwa kuwa Algeria walishamaliza mechi zao jana yake. Ikaisha 1-0. Kuanzia Kombe la Dunia la 1986, mechi za mwisho za kundi zinachezwa kwa wakati mmoja.

Hatua ya 7. Pumzika wiki mbili kati ya misimu, na mtafute msaidizi leo, wakati bado una nguvu za kumfundisha.

Maswali.

BekiWaPembeni: Mkuu, mtu asipotuma kikosi inakuwaje?

Mwandishi: Hatua ya 3.

BekiWaPembeni: Nimepitia haraka haraka, sijaiona.

Mwandishi: Pitia polepole.

Kipa_Mzee: Kwa maelezo yako, msimamizi anayejiheshimu hatakiwi kuwa na timu kabisa. Mbona unazunguka?

Mwandishi: Sizunguki. Kazi hii haina malipo. Ukimnyima na timu, atakaa kwa lipi? Wewe ukipata mtu wa kuchezesha raundi 22 bure bila timu, niletee namba yake.

NambaKumi: Ligi yetu ya kikapu timu zinaachia mechi makusudi, maana zinazoshika mkia ndizo zenye nafasi kubwa ya kuchagua wa kwanza kati ya chipukizi wapya. Kuna dawa?

Mwandishi: Swali zuri hili. Punguza faida ya kushika mkia. NBA mwaka 2019 ilishusha nafasi ya timu ya mwisho kupata chaguo la kwanza kwenye droo kutoka asilimia 25 hadi 14, ikalingana na timu mbili zilizo juu yake. Kwenu, timu nne za chini zipeni nafasi sawa kabisa. Hazitaacha zote, ila kupoteza mechi za mwisho mwisho hakutakuwa na maana.

NambaKumi: Na droo yenyewe tuichezesheje watu waamini?

Mwandishi: Usiichezeshe wewe. Tangazeni mapema kwamba mtatumia namba za bahati nasibu fulani ya umma ya tarehe fulani, na kila timu ijue namba zake kabla. Hapo hata mkitaka kuiba hamuwezi.

MpiraNiDunia: Mimi nipo raundi ya 17, kila nikiona ujumbe wa kocha moyo unazama. Nataka nifute kila kitu.

Mwandishi: Usifute, ndugu yangu. Leo tangaza: ligi inasimama, inarudi tarehe fulani. Taja tarehe, "tutaona" itawafukuza. Halafu mpe msaidizi faili, kanuni na orodha ya makocha, achezeshe raundi mbili wewe ukiwa kocha tu. Ujumbe wa faragha zima. Malalamiko yote yaje sehemu moja ya wazi, na uyajibu jioni moja kwa wiki.

MpiraNiDunia: Na wakisema nawakimbia?

Mwandishi: Anayesema hivyo ndiye umwombe awe msaidizi.

Kipa_Mzee: Nyongeza: timu iliyotelekezwa msimpe kocha mgeni hivihivi. Sisi tunamruhusu aingie sokoni hata dirisha la usajili likiwa limefungwa, achukue wachezaji wawili.

Mwandishi: Hiyo naichukua. Ila iandikwe kwenye kanuni kabla timu haijatelekezwa.