Faili za wingu zinakwama? Rekebisha kache ya metadata

Ukiunganisha baketi (chombo cha kuhifadhia faili) ya Google Cloud Storage, hifadhi ya wingu ya Google, na mashine yako kwa gcsfuse, programu inayoionyesha baketi kama folda, kazi yenye faili ndogo laki moja inaweza kujikokota hata mtandao ukiwa na kasi. Hifadhi hii kwa kawaida haina folda za kweli. Ina majina marefu yenye mikwaju (/). Programu ikitaka kujua kama `picha/a` ni faili au folda, na ina ukubwa gani, swali husafiri mpaka kwenye seva na kurudi. Safari hizo ndizo tunazopunguza kwa kache, yaani kumbukumbu ya muda inayotunza metadata: taarifa kuhusu faili, kama aina na ukubwa wake.

Hatua ya 1. Pima. Endesha `time ls -lR` mara mbili mfululizo. Kama mara ya pili haina nafuu, kache haikusaidii.

Hatua ya 2. Panua nafasi. Wengi huruka hapa, nami naona ndipo penye faida kubwa. `stat-cache-max-size-mb`, ukubwa wa kache, kwa kawaida huanzia MB 32 hivi, na kila faili hula takriban baiti 1,500, yaani nafasi hiyo inatosha faili 20,000 hivi. Kache ikijaa, kilichokaa muda mrefu bila kuguswa hutolewa. Ukipitia faili laki moja kwa mpangilio uleule, ukirudi mwanzo utakuta za mwanzo zimeshatolewa: umetumia kumbukumbu na hukupata kitu. Kwa laki moja weka 200.

Hatua ya 3. Ongeza muda. `ttl-secs`, sekunde ambazo taarifa hukaa kwenye kache, kwa kawaida ni 60 usipoigusa. -1 maana yake taarifa haziishi muda. Kwenye faili ya mipangilio ya gcsfuse, hatua ya 2 na ya 3 huandikwa hivi:

```
metadata-cache:
  ttl-secs: -1
  stat-cache-max-size-mb: 200
```

Hatua ya 4. Pasha kache moto kabla ya kazi: `ls -R > /dev/null`.

Maswali ya wanachama

*Nimeweka -1. Mwenzangu kabadilisha faili kutoka mashine nyingine, kwangu bado ukubwa ni wa zamani.*
Ndiyo gharama ya -1. Itumie pale tu ambapo hakuna mwingine anayeandika. Kwa sasa tenganisha baketi kisha uiunganishe upya. Kache hii hukaa kwenye kumbukumbu, itafutika.

*Natumia Mountpoint, programu ya kuunganisha baketi za Amazon S3, hifadhi ya wingu ya Amazon.*
Tumia `--metadata-ttl`, kwa sekunde au `indefinite`. Tahadhari ni ileile. S3 yenyewe hutoa taarifa mpya papo hapo tangu Desemba 2020, lakini kache yako haiwezi kujua bila kuuliza.

*Nasoma faili moja ya GB 80. Itasaidia?*
Hapana. Hapo swali ni moja tu. Angalia kache ya data, inayotunza yaliyomo kwenye faili yenyewe.